Mshono Uliosagwa

Alhamisi asubuhi Marlys Tackett alijiburuta kutoka chini ya gari la baba yake, uso umemwiva kwa hasira, spana mkononi kama mtu anayetafuta wa kumpiga.

"Baba, gari hili huliendeshi."

Mzee Verlin alikuwa amekaa mlangoni mwa gereji na kahawa yake. "Jumamosi naliendesha mpaka El Mirage, kule tunakokutana wenye magari haya. Wewe nimekuita ukaze nati za magurudumu tu. Kaza, uje unywe kahawa."

Daktari wa macho alikwishasema: ikifika Krismasi mzee hataiona barabara. Kwa hiyo safari ya Jumamosi ndiyo ya mwisho kushika usukani, na ndiyo ya kwanza ndani ya hotirodi yake, gari la kale lililoundwa upya liende kasi, Ford ya mwaka 1932 iliyoshushwa paa, injini kubwa iko wazi bila boneti. Aliingoja miaka mitatu kwa fundi mwenye jina kubwa huko Los Angeles, Corwin Stadler. Ilipotoka tu ikachukua kikombe kwenye maonyesho. Majaji walipitisha vioo chini ya gari, wakasifu lilivyong'aa hata tumboni. Na Marlys, binti yake mzee, aliyechomelea mitambo ya visima vya mafuta hapo Oildale miaka ishirini na miwili, hakuulizwa hata neno moja! Lilimkaa kooni hilo.

"Ukikata kona kulia, tairi inakula paipu ya breki," alisema. "Ilishaliwa nusu. Nimeweka mpya, nimeipitisha kwingine, hilo limekwisha. Lakini njoo ushike hapa. Huu mkono unaogeuza magurudumu, huyo Stadler wako kauchomelea kwa vipande viwili, halafu mshono kausaga mpaka ukawa laini kama sahani, akapaka krome ung'ae. Eti upendeze kwenye kioo! Nguvu ya chuma iko kwenye lile tuta la mshono, Baba. Yeye kalifagia na vumbi."

"Stadler ana vikombe arobaini."

"Akanywee uji!"

"Una wivu, Marlys."

Khaa! Maneno hayo yalimchoma kuliko cheche yoyote. Alichukua simu, akampigia Stadler amuulize habari ya ule mshono, akaiweka sauti ya nje ili mzee asikie mwenyewe.

"Dada yangu," Stadler alisema kwa upole wa mtu anayemwelekeza mtoto, "lile ni gari la maonyesho. Unalipandisha kwenye trela, unalishusha, unalifuta vumbi. Nani anaendesha kitu kama kile?"

Kwenye trela! Huko El Mirage, anayefika na gari juu ya trela huchekwa mpaka jua lizame.

Verlin aliinuka. "Stadler, ni mimi, Tackett. Siku ya kwanza nilikwambia nitaliendesha. Nilikwambia habari ya macho yangu."

"Wazee wote husema hivyo, mzee wangu. Mwishowe wanalifunika turubai."

Kahawa ya mzee ilimwagikia viatu. Marlys alikata simu asije akatukana. Mtu amelilia kitu maisha yake yote, na huyu mshenzi alimwitikia tu, huku moyoni anamcheka!

Aliufungua ule mkono, akaubana kwenye jiliwa, akauvalisha bomba refu, akauvuta. Hata hakutumia nguvu zake zote. Ukakatika pale pale penye mshono.

Verlin alipapasa mkatiko kwa vidole. "Ningekuwa kwenye mteremko wa milima ya Tehachapi," alisema taratibu.

"Na mimi nimekaa kando yako."

Siku hiyo na kesho yake Marlys alikata chuma kinene, akakichomelea, akakipiga nyundo, akakijaribu kwa uzito wa trekta. Mshono aliuacha ulivyo, mpana na wenye matuta. Mzee alikaa karibu akimpa vifaa, lakini yale maneno ya wivu hakuyafuta, na hilo lilimuudhi binti karibu kama maneno yenyewe.

Jumamosi walishuka Tehachapi, Verlin kwenye usukani, gari limetulia barabarani. Walipofika El Mirage, kwenye ziwa kavu, wazee wenzake wakalizunguka. Hoyt Ledbetter, rafiki yake tangu ujana, akalala chali mavumbini achungulie chini.

"Verlin! Stadler kakuchomelea nini huku? Mbona kama kovu?"

"Huo si wa Stadler. Ni wa Marlys. Ule wa Stadler ulikatika." Mzee alivua kofia. "Fundi nilikuwa naye nyumbani. Nikaenda kumtafuta Los Angeles."

"Sema tena," Marlys alisema. "Hoyt yuko chini ya gari, hakusikia."

Mzee akasema tena, kwa sauti, mpaka watu wa magari ya jirani wakageuka. Marlys akatazama upande wa milima asionekane anavyolia, na hasira bado anayo.