Abiria wa Nne

Msichana alikuwa na sababu moja tu ya kuitaka safari ile: kwenye meli hakuna mtu aliyewajua. Hakuna jirani ambaye angemsikia baba akisema "sisi wanne" kisha akainamisha macho. Kaka yake alifariki mwaka uliopita, kwa ajali ya pikipiki, karibu kabisa na nyumbani, na tangu hapo baba hakuwahi kulitamka neno hilo. Alisema "hayupo," kama mtu aliyetoka kidogo na angerudi na mkate. Mezani sahani yake iliwekwa. Kitanda chake kilitandikwa. Msichana alikuwa na miaka kumi na sita na alikuwa amechoka kula akitazamana na sahani tupu. Aliamini kwamba wiki nzima kati ya wageni ingemlazimisha baba aione familia yake kama ilivyobaki.

Asubuhi ya safari baba aliwagawia mashati. Alikuwa fundi cherehani, na alikuwa amekesha siku kadhaa juu ya kitambaa kimoja cha bluu chenye mistari myeupe. Mama akapewa lake, msichana akapewa lake, baba akavaa lake. La nne, refu kuliko yote, alilikunja vizuri akalilaza juu ya nguo zake ndani ya begi.

"Hilo la nani?" mama aliuliza, ingawa mikono tu ya shati ilitosha kumjibu.

"La Twiga."

Twiga ndiye kaka. Walimwita hivyo kwa urefu wake, naye akalipiza kwa kumwita mdogo wake Sisimizi.

Mama aliuza dawa kwenye famasi na hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Mteja akiuliza kama dawa ni chungu, alimwambia ni chungu. Lakini alilitazama lile shati, akafunga zipu ya begi.

"Begi lisizidi uzito," akasema, akaenda kufunga madirisha.

Bandarini, karani wa tiketi alizisoma tiketi zao huku akitabasamu. "Karibuni sana. Naona mko wanne. Mwenzenu yuko wapi?"

Mama alimgeukia baba polepole. "Si nilikwambia uwapigie hawa watu simu?"

"Nilipiga."

"Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia tunakuja." Baba akamgeukia karani. "Yuko nyuma, anakuja."

Tiketi zilikatwa kabla ya ajali, safari ikaahirishwa baada ya msiba, na kilichobaki kilikuwa simu moja tu ya kuliondoa jina. Mama alimwachia baba simu hiyo kwa makusudi, akidhani kulisema jambo hilo kwa mtu asiyemjua kungemsaidia. Sasa foleni nyuma yao ilikuwa inasukuma, na mtoto wa mtu alikuwa anamkanyaga miguu.

"Sigombani kwenye foleni," mama alisema chinichini, akavuta begi lake.

Chumba kilikuwa chembamba, kina dirisha la duara na vitanda vinne, viwili chini na viwili vya kukunjua ukutani. Vyote vilikuwa vimetandikwa. Mhudumu wa chumba, mwanamke mcheshi mwenye funguo nyingi kiunoni, aliwaonyesha swichi za taa na mahali pa majaketi ya kujiokolea.

"Atakayelala juu ashuke kwa ngazi," alisema. "Wapo wanaoruka, halafu wananiita niwaletee barafu."

"Wa juu ni kijana wangu," baba alisema. "Lakini huyu ni mrefu, dada yangu. Hiki kitanda kitamsaliti." Akatoa utepe wake wa kupimia mfukoni, maana hakuwahi kutoka bila huo, akaupitisha juu ya godoro mpaka mwisho. "Unaona? Nyayo zinabaki nje."

"Basi atalala amejikunja kama sisi wafanyakazi. Akilalamika mlete kwangu, nimwonyeshe chumba changu."

Baba akacheka. Msichana hakuwa amesikia kicheko hicho tangu msiba, na ilimchoma kwamba kimetoka kwa ajili ya kitanda ambacho hakuna mtu angekilalia.

Mhudumu alipoondoka, msichana alimwita. "Baba."

"Naam, Sisimizi."

"Twiga haji."

"Ile foleni ni ndefu. Wewe mwenyewe umeiona."

Bafuni mama alifungua bomba, akayaacha maji yamwagike.

Ilipofika saa ya kuondoka meli haikuondoka. Vipaza sauti vililiita jina la Twiga, majina yake yote matatu, kama yalivyoandikwa kaburini. Anaombwa kufika langoni haraka, anasubiriwa na wenzake. Wakarudia. Sauti ilitoka kwenye kila ngazi na kila ukumbi, ikatoka mpaka kwenye spika za bwawa la kuogelea, ambako familia ilikuwa imesimama na abiria wengine kutazama bandari.

"Huyo yuko kibandani anajaribu miwani ya jua," alisema mwanamume mmoja mwenye kofia pana. "Nawajua hawa vijana."

"Meli nzima inamsubiri kama bwana harusi," mke wake akadakia.

Watu wakacheka. Baba naye akacheka, akamgeukia mwenye kofia. "Ni wangu huyo. Tangu mdogo hajui kuharakisha. Ukimtuma chumvi, mboga inaiva bila chumvi."

"Akifika mpe shughuli yake, mzee."

"Akifika nitampa."

Msichana alimtazama mama. Mama alikuwa anaangalia maji. Jina likaitwa tena. Msichana akaelewa kwamba wiki yote ingekuwa hivi, na si wiki tu, na kwamba hakuna mtu mwingine angeshuka zile ngazi. Akashuka.

Langoni alimkuta afisa wa kike mwenye redio mkononi na uso wa mtu aliyechelewa.

"Mnayemwita ni kaka yangu," msichana alisema.

"Yuko wapi?"

"Amefariki."

Afisa akaishusha redio. "Leo?"

"Mwaka jana."

"Mdogo wangu, haya si mambo ya kuchezea. Wazazi wako wako wapi?"

Walikuwa nyuma yake tayari. Baba alifika kwanza, akihema.

"Mzee, binti yako anasema kijana amefariki. Ni kweli?"

"Huyu ni mtoto tu," baba alisema. "Mngojeni kidogo. Kidogo tu, nawaomba."

Afisa akamtazama mama. Mama alilishika shati lake jipya kifuani, akalikunja ndani ya ngumi.

"Ondoeni ngazi," akasema.

Ilichukua muda mfupi kuliko msichana alivyodhani. Afisa alisema maneno machache redioni, mabaharia wawili wakaanza kuivuta ngazi, na baba akaudaka ukingo wake kwa mikono yote miwili. Hakupiga kelele. Aliung'ang'ania tu, mwili wake ukiburutwa nayo, mpaka baharia mmoja akaanza kumbandua vidole, kimoja kimoja.

"Achia, mzee wangu. Utaumia."

Meli ilipokwisha kuiacha gati, msichana alimkuta baba sehemu ya nyuma kabisa, katikati ya watu wanaopiga picha. Akasimama kando yake.

"Alikuwa anakuja," baba alisema.

"Baba, tulimzika. Nguo aliyozikwa nayo uliishona wewe."

"Usinikumbushe nilichoshona." Hakupandisha sauti. "Wangengoja. Wewe ndiye umewaambia wasingoje."

"Baba."

Akaondoka, akaenda kusimama upande wa pili, mlingoti ukawa kati yao.

Mama alimkuta msichana hapo baadaye, akiwa na glasi mbili za maji. Akampa moja.

"Hatazungumza na wewe kwa muda," alisema. "Mimi nililisema lile neno siku ya arobaini. Akahamia dukani, akawa analala chini ya meza ya kukatia. Alirudi nilipoanza kuweka sahani."

"Hukuniambia."

"Hapana."

"Ungeweza kunizuia nisishuke."

Mama alikunywa maji yake yote kabla ya kujibu. "Nilikuona ukishuka. Nikasema moyoni, acha safari hii awe mwingine wa kulisema."

Msichana alisubiri aongeze kitu, pole au samahani. Mama aliichukua glasi ambayo haikuguswa, akaangalia mahali baba alipokuwa, akasema anakwenda kumpelekea maji, maana hajanywa kitu tangu asubuhi.

Msichana alimwona akifika, akiinyoosha glasi, na baba akiipokea bila kumtazama. Wakasimama wawili, mashati yao yakipepea upande mmoja. Msichana alingoja mmoja wao ageuke amwite. Bandari ikawa mstari, kisha hata mstari ukafutika, na watu wa picha wakaanza kuondoka kwenda kula.