Kanga Iliyo Ndani ya Mtumbwi

Kitendawili! Itikia basi, sauti niisikie. Haya: yuko mgeni habishi hodi, na kila siku yumo uani kwako. Hali, hanywi, haombi hata mkeka, lakini akiondoka ngozi ya mwenyeji imepungua. Nani huyo? Usinipe mji bado. Twende kwa Bi Sharifa, utamwona mwenyewe.

Bi Sharifa alikuwa na shamba la mikorosho ng'ambo ya maji, pale Ruvuma inapojigawa ndani ya mikoko kabla ya kuingia baharini. Kuzunguka kwa miguu ni nusu siku, na magoti yake yalishaikataa safari hiyo. Kwa hiyo siku alipoletewa mtumbwi, alilia. Ulikuja juu ya kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, kutoka Mtwara, umefungwa kamba kama mbuzi wa harusi. Aliyeuleta ni Danieli, kijana wa bandarini, aliyeuunda mwenyewe uani kwao Shangani kwa mbao za plaiwudi na ile gundi ya makopo mawili, inayochanganywa, ikikauka inakuwa ngumu na angavu kama kioo.

Danieli hakuwa ndugu wa damu. Mama yake, Mwalimu Veronika, aliletwa na kazi kutoka Njombe kuja kufundisha kijijini, akamzaa hapo hapo, nyumba ya pili kutoka kwa Bi Sharifa, kabla hajahamishiwa mjini. Lakini kijana alimwita Sharifa bibi, na Sharifa alimwita mume wangu, na hakuna aliyewauliza.

Siku hiyo ilibaki kazi kidogo. Kitambaa cha faiba, kile kinachotandikwa juu ya mbao na kulowekwa gundi, kilikuwa kimepungua kwenye shavu la mbele. Bi Sharifa akaingia ndani, akatoka na kipande cha kanga kuukuu, nyekundu yenye korosho nyeupe.

"Weka hiki."

Danieli akakitandika, akakipaka gundi. Rangi ikawaka kama imetoka dukani asubuhi ile.

"Kanga ya nani hii, bibi?"

"Hicho ni kitendawili. Umeshindwa, nipe mji."

"Chukua Mtwara."

"Mtwara nimefika, nimepunga upepo Shangani, nimekula pweza, nimerudi. Na jibu sikupi."

Akabaki na neno lake.

Basi Bi Sharifa akautunza mtumbwi kwa akili zake zote. Adui wa chombo ni maji, alijiambia, na kitu kikavu ndicho kinachodumu. Kila akirudi shamba aliupandisha uani, watoto wa jirani wakimsaidia, akaupindua tumbo juu, akauanika juani kama anavyoanika muhogo. Tena hakutaka nafasi ipotee: juu ya tumbo hilo alitandika mkeka, juu yake akamwaga makopa yake ya muhogo, yakauke pamoja. Na kila asubuhi, kabla ya kuusukuma majini, aliipapasa ile kanga kwa kiganja.

Mwaka wa tatu, kiganja kilirudi na unga mweupe. Akaufuta, kesho yake ukarudi. Gundi ikageuka manjano, ikapoteza mng'ao, ikaingia nyufa nyembamba kama za kisigino cha mkulima. Kanga nyekundu ikawa kama imechemshwa. Halafu siku moja katikati ya maji akaona unyevu ndani, ubavuni. Mbao zikianza kunywa zitavimba na kuachana, na korosho zilikuwa karibu kuanza kuanguka. Bi Sharifa hakulala vizuri. Lililomuuma zaidi hata si shamba. Mtoto wa watu amemuundia zawadi kwa mikono yake, naye ameiua.

Danieli alipopigiwa simu kuwa mtumbwi unatoa unga na kuvuja, alifika Jumamosi, nyuma ya bodaboda, amepakata kopo la rangi kama mtoto mchanga.

"Nimekuharibia, mume wangu," Bi Sharifa akasema hata kabla ya salamu. "Na huku nilikuwa nauanika kila siku!"

"Ulikuwa unaufanyaje?"

"Nauanika."

Danieli akauzunguka mtumbwi. Akashika mkeka wenye makopa, akauburuta pembeni. Chini yake palikuwa na umbo la mkeka lililonyooka pande zote nne, na ndani ya umbo hilo gundi ilikuwa angavu, mbao zinaonekana kama juzi.

"Bibi, leo nakutegea mimi. Mgeni gani amekula mtumbwi wote, ameshindwa kupita chini ya mkeka?"

Bi Sharifa akatazama mkeka, akatazama juu, akajifunika macho kwa mkono.

"Jua! Loo! Mwizi namfungulia mlango mwenyewe, tena namwekea na makopa!"

Wakacheka mpaka jirani akachungulia.

"Gundi hii haiogopi maji," Danieli akasema. "Inaogopa jua. Kama ndoo ya plastiki, iache nje mwaka mzima uone itakavyokatika. Lakini kosa ni langu, bibi. Ilitaka rangi juu yake tangu mwanzo. Mimi nikataka mbao zionekane, watu waseme fundi ni Danieli."

"Kumbe na wewe una majivuno, mwanaume mzuri wewe."

Wakauosha, wakaupiga msasa, wakaziba nyufa kwa gundi mpya, wakauacha ukauke hadi kesho yake. Danieli akajenga kibanda cha makuti kisicho na kuta. Turubai la kuufunika moja kwa moja alilikataa, maana chombo kikifunikwa hivyo kinatoka jasho. Kivuli juu, upepo chini.

Jumapili mchana mtumbwi ulikuwa mweupe kote, isipokuwa shavu la mbele. Danieli alisimama hapo, brashi inadondosha.

"Ipo vanishi ya kuzuia jua, kitu kinaonekana ndani. Nimeitafuta mjini sikuipata, na hata hiyo kila mwaka inataka kurudiwa. Nikipaacha wazi, jua litaanzia hapa."

"Hata kiganja kimoja?"

"Kiganja kimoja kinatosha kuingiza maji, bibi."

Bi Sharifa akasogea mbele. Akaipapasa kanga, polepole, mara moja.

"Kabla sijaifunika," Danieli akasema, "nakupa Mtwara, Njombe, na Dar es Salaam yote. Kanga ya nani hii?"

Bi Sharifa akajifuta kiganja kwenye upande wa kanga aliyovaa.

"Mama yako alipokuzaa aliugua miezi miwili, hata kukaa hawezi. Mimi ndiye niliyekubeba, asubuhi shamba, jioni nyumbani, na kila jua lilipokuwa kali nilikuvutia pindo lake kichwani, lisikupate. Ni mbeleko yako, mume wangu. Ilikukinga jua wewe. Sasa na wewe ikinge. Paka."