Maswali Aliyoyanyoosha Senga

Mwaka huo Rhona Geddes, muuguzi wa kutembelea wazazi majumbani katika mji mmoja wa Uskoti, alipewa kazi ya utafiti: kutunga dodoso fupi la kuwabaini akina mama wanaopata sonona baada ya kujifungua. Alihitaji mtu wa kuyapima maneno kwanza. Akamchagua Senga Purdie, mke wa mchimba makaa ya mawe, kwa kuwa katika maghorofa yote ya halmashauri alimoishi hakuna aliyemshinda ulimi.

"'Wiki hii nimekosa usingizi,'" Rhona alimsomea.

"Sista, wee! Mtoto ana wiki saba, nani kalala? Hata mbwa wa jirani hajalala. Andika: hata mtoto akilala, mimi usingizi hauji."

Rhona akaandika. Swali lililofuata lilimtaka mama aseme kama anajiona hafai.

"Hapo utaambulia patupu. Mama mkwe kakaa pembeni na chai yake, nani atakubali? Uliza kama huwa anaona mtoto angekuwa salama zaidi kwa mtu mwingine. Hilo atalijibu." Senga akamsogezea sahani ya biskuti. "Kula, zimeungua kidogo tu."

Rhona alimsifu kwa kipaji chake. Hakumuuliza maneno hayo ameyatoa wapi.

"Na mimi sijazi?" Senga aliuliza siku ya mwisho.

"Wewe huwezi. Umeshayazoea maswali, majibu yako yatatuharibia vipimo."

"Ala! Nimefeli kabla ya mtihani."

Wakacheka wote wawili. Kanuni ilikuwa sahihi, na Rhona angeitetea mbele ya yeyote.

Mwezi wa tatu wa majaribio ya dodoso, Senga aliegesha kigari cha mtoto nje ya posta, kama walivyofanya akina mama wote wa pale, kisha akapanda basi. Vigari havikukosekana mlangoni hapo, hivyo saa kadhaa zilipita kabla mtu hajashtuka. Mtoto alikuwa amefunikwa vizuri, chupa ya maziwa ubavuni. Mama yake alipatikana kesho yake katika stesheni ya mji mwingine, akalazwa hospitali ya magonjwa ya akili.

Wiki hiyohiyo matokeo ya majaribio yalitoka. Kati ya maswali yote, mawili ya Senga ndiyo yaliyowatenganisha wagonjwa na wazima kwa uhakika zaidi. Daktari mkuu wa utafiti alimpa Rhona mkono wa pongezi.

Rhona alikwenda kwa Ina, mama yake Senga, alikopelekwa mtoto. Ina alisimama mlangoni.

"Mlikuwa mnashinda mnacheka, wewe na yeye. Kazi yako ndiyo hiyo, na hukuona?"

Rhona alikuwa na jibu: Senga hakuwa miongoni mwa waliopimwa. Lilikuwa jibu la kweli. Lakini kumuuliza Senga hali yake hakukuhitaji dodoso.

"Naomba nimshike mtoto," alisema.

Ina akamtazama kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Vua koti kwanza. Limelowa."