Pointi za Mtaa Mzima

Saa mbili asubuhi Neide alikuwa ameshapita nyumba tatu kuulizia mitungi ya gesi, na hakuna hata mmoja uliokuwa umeisha.

"Hebu utikise vizuri, Bi Zuleide," alisema akiwa ameshikilia geti. "Labda unadhani tu umejaa."

"Nimebadilisha juzi, na aliyelipa ni wewe kwa kadi yako. Umesahau, mwanangu?"

Hakuwa amesahau. Alikuwa anatapatapa tu.

Vila Curió nzima, mtaa wetu wa hapa São Paulo, ilijua jambo hili. Kwa mwaka mmoja na nusu, mtu akitaka kununua kitu cha maana hakumpa mwenye duka hela. Alimwita Neide, Neide akapitisha kadi yake ya mkopo ya shirika la ndege la Garça, mtu akamrushia hela zake kwa simu siku ya kulipa bili, na yeye akabaki na pointi za kubadilisha na tiketi. Real moja, pointi moja. Kwenye kadi hiyo yalipita matairi, dawa za presha, magauni ya komunyo ya kwanza, na hata jeneza la mzee Ovídio, Mungu amlaze pema, maana alimwachia Neide pointi mia tisa.

Na wote walijua pointi ni za nini. Mama yake Neide, Bi Quitéria, alikuwa anatimiza miaka themanini siku ya São João, sikukuu ya mioto ya mwezi Juni, kule Campina Grande, Kaskazini-Mashariki mwa nchi, na hajawahi kumshika mjukuu wake mdogo. Rayssa ana miaka sita. Bibi anamwona kwenye simu tu, na Rayssa kwa upande wake anaona zaidi dari ya nyumba ya bibi, kwa sababu Bi Quitéria mpaka leo hajui simu inashikwaje. Kwa basi ni siku mbili na usiku wake kwenda tu. Neide anafua mashuka ya hospitali, siku moja zamu ya masaa kumi na mawili, siku ya pili mapumziko kama leo, na likizo aliyopewa ni siku saba. Basi lingekula zaidi ya nusu.

Kwa hiyo ndege. Yeye, mumewe Erivaldo, Kauane mtoto wao mkubwa, na Rayssa. Ofa ilikuwa pointi elfu kumi na tano kwa kichwa, kwenda na kurudi, na mwisho wake leo saa kumi jioni. Kesho bei inaruka hadi elfu thelathini na nane.

Watu wanne ni elfu sitini. Neide alikuwa na elfu hamsini na saba, mia sita na arobaini.

Aliyesababisha upungufu ni friza la Bi Zuleide. Neide alilihesabia pointi elfu tatu na mia sita, akalala usingizi mnono. Lakini sisi wa huku, muuza duka akiuliza "mara ngapi?", yaani utalipa kwa awamu ngapi, tunajibu "kumi na mbili" kabla hatujasikia bei. Hata mkate tungeulipia kwa miezi kama wangeturuhusu. Bi Zuleide alijibu kumi na mbili kwa mazoea, Neide akapitisha kadi kwa mazoea, na shirika likaanza kudondosha pointi mia tatu mia tatu kila mwezi, kama bomba bovu. Friza limeshaganda samaki wa Pasaka, na pointi zake nyingi bado ziko njiani.

"Nenda kwa Adauto," Bi Zuleide alisema, kwa sauti ya mtu anayejua ana kesi ya kujibu. "Jumamosi anamwaga zege la paa. Leo ananunua saruji na nondo."

"Mzee Adauto na kadi? Si atanifukuza na koleo."

"Akikufukuza, kimbia. Lakini nenda."

Mzee Adauto aliendesha basi la kwenda Kaskazini-Mashariki kwa miaka ishirini na sita, na tangu astaafu kazi yake ni kutoamini mambo. Haamini benki, haamini utabiri wa hali ya hewa, haamini maziwa ya pakiti. Hela za paa lake alizidunduliza miaka sita kwenye kopo la biskuti. Neide alimkuta anatoka nalo kwapani.

Alimweleza yote akiwa anatembea kinyumenyume mbele yake.

"Yaani hela nikupe wewe," mzee alisema, "halafu kile kiplastiki ndio kilipe saruji yangu?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Na kiplastiki kikigoma?"

"Hakigomi."

Alisimama, akamtazama. "Mama yako anatimiza mingapi?"

"Themanini."

"Anapika ile canjica, uji mzito wa mahindi mabichi?"

"Anaipika, mzee, mtu unalamba hadi sufuria."

"Twende. Lakini kopo sitoi mpaka nione."

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi mambo yakaenda vizuri kwa dakika kumi. Saruji, nondo, mchanga, kokoto: real elfu mbili mia nne na themanini. Neide akapiga hesabu kichwani na karibu ambusu mzee. Thainá, binti wa kaunta, akaingiza kadi, akasubiri, akaitoa.

"Imekataa, dada. Umefika kikomo."

Mzee Adauto alilifunika kopo kwa mikono miwili.

Neide alijua tatizo mara moja. Wiki ile mtaa ulikuwa umenunua sana, siku ya bili na ya watu kurusha hela zao ilikuwa bado, kadi imejaa. Ili ipumue ni lazima bili ipunguzwe kwanza. Hela taslimu iliyokuwepo karibu ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa chini ya viganja vya mzee Adauto.

"Hapana," alisema mzee kabla hajaulizwa.

"Sikiliza. Tunakwenda kulipa bili yangu kwa hela zako. Kadi inafunguka. Tunarudi hapa, kadi inalipa saruji yako. Hela ni zilezile, zinazunguka tu."

"Na zisipozunguka? Jumamosi nina watu kumi na tano wanakuja kumwaga zege, maharage nimeshaagiza. Niwape watu maharage wakae chini ya mvua?"

Neide aliacha kumbembeleza. Akasema ukweli tu. "Mzee, sina kitu cha kukuwekea rehani. Nina watoto wawili na mama mmoja. Zisipozunguka, nauza friji yangu, tivii na kitanda, nakulipa."

Mzee alilirudisha kopo kwapani. Kisha akasema, "Kitanda chako cha nini na wewe hulali?" Akatangulia kutoka.

Bili za hela taslimu hulipwa kwenye duka la bahati nasibu pale kona. Madirisha matano, mawili yako wazi, foleni imezunguka hadi kwa muuza juisi ya miwa. Saa sita na nusu. Lakini dirisha la wazee lilikuwa na watu watatu tu, na mzee Adauto, mwenye miaka sabini na mbili, kwa mara ya kwanza siku ile alionekana mchangamfu.

"Nishike mkono," alimnong'oneza. "Nitachechemea kidogo."

"Unachechemea mguu gani?"

"Utakaoniuma tukifika."

Karani wa dirisha alikuwa kijana mwenye tai fupi. Alisoma bili, akairudisha chini ya kioo. "Bili si ya mzee. Mama, panga foleni ya kawaida."

"Hela ni za nani?" mzee aliuliza.

"Baba, jina hapa ni Josineide, la huyu mama..."

"Nimekuuliza hela ni za nani. Si za mzee hizi? Angalia, hata noti zenyewe zimezeeka."

Foleni yote ikacheka. Mwanamke mmoja nyuma akapaza sauti, "Mpokee baba wa watu, atakufia hapo hapo!" Mzee Adauto akaongeza kikohozi ambacho hakikuwamo kwenye mpango. Karani alikunja uso, akasema utaratibu ni utaratibu, akazihesabu noti moja moja kama mtu anayechambua mchele, na mwisho akagonga muhuri. Neide alikunja risiti akaiweka ndani ya sidiria.

Kadi ilichukua saa mbili kufunguka. Walikaa kwenye mifuko ya saruji mlangoni mwa duka, mzee na kopo tupu mapajani, Neide akiikodolea simu. Saa nane na dakika hamsini simu ikalia.

"Thainá! Pitisha!"

Thainá akaingiza kadi, na kidole kikaenda chenyewe. "Mara kumi na mb..."

"MOJA!" walipiga kelele wote wawili, hata kijana wa kubeba kokoto akaangusha ndoo.

Moja. Mashine ikawaza, ikatema risiti. Mzee Adauto aliisoma risiti ile juu hadi chini, akaipapasa, akaiweka kwenye kopo. Neide alimkumbatia, akamnyanyua kidogo. Simu ilisema pointi elfu sitini, mia moja na ishirini.

Saa tisa na nusu alikuwa jikoni kwake, mzee Adauto kafuatana naye kupata kahawa aliyodai kuwa ni haki yake. Neide alifungua ukurasa wa Garça, akaandika safari, akaandika abiria wanne, akabonyeza.

Bei ile ilikuwa imebakiza viti viwili.

Alijaribu siku ya kabla, siku ya baada, asubuhi, alfajiri. Viwili. Vingine vilikuwepo tele, kwa elfu thelathini na nane. Mwaka na nusu walikuwa wanamtangazia ofa, na kumbe ndani ya ndege nzima walitenga viti vya kuhesabia vidole. Alikaa chini. Viti viwili ni yeye na mtoto mmoja. Mtoto gani sasa? Alijisikia vibaya hata kwa kuliwaza swali lenyewe, na machozi yakamtoka bila kuficha.

"Ndio walivyo," mzee Adauto alisema. "Wenye sikukuu wanabaki, wanaokwenda ni watu wa kupiga picha na moto." Akanywa kahawa. Halafu akaweka kikombe chini. "Na inayotoka huko kuja huku?"

"Nini?"

"Ndege. Ya kutoka huko. Miaka ishirini na sita, binti yangu. Kila Juni nilikuwa napanda na basi limejaa hadi mlango wa choo, narudi huku na abiria wanne na kuku. Nani anaikimbia São João? Mwenye basi alikuwa anatuambia tuokote watu barabarani kwa bei yoyote, ilimradi tusirudi na upepo."

Neide aligeuza safari. Kutoka Campina Grande kuja São Paulo, tarehe kumi na tisa, kurudi tarehe thelathini. Pointi elfu kumi kwa kichwa. Viti vimejaa skrini nzima.

Akampigia mama yake. Dari ikatokea.

"Mama, hatupati viti. Mama, ungekuja wewe?"

Dari ilitikisika. "Mimi? Ndani ya kile kitu? Niiache São João yangu? Na moto wangu nani atauwasha?"

"Tutauwasha hapa."

"Wapi, juu ya lami?"

"Juu ya lami, mama."

"Polisi je?"

"Watakula mahindi."

Rayssa, aliyekuwa ametambaa hadi mapajani kwa mama yake, akaisogelea simu. "Bibi, kwenu kuna dari tu?"

Dari ikazunguka, ukapita ukuta, likapita dirisha, ukatokea uso mzima wa Bi Quitéria, mashavu, miwani, kila kitu. Alimtazama mjukuu muda mrefu.

"Sipandi peke yangu," alisema.

"Ziko pointi za watu sita."

Simu ilitupwa mezani. Dari tena, na sauti ya mwanamke wa miaka themanini ikipita uani: "Nevinha! Damião! Acheni hayo, tunakwenda São Paulo! Nani? Sisi! Bure! Leteni vitambulisho!"

Neide aliandika akicheka na kufuta pua. Shangazi Nevinha. Mjomba Damião, aliyetaka kujua kama kinanda chake cha mkono, akodiani, kinalipiwa.

"Kilo kumi tu za mkononi, mjomba."

"Akodiani ina tisa. Nguo nitazivaa zote."

Binamu Lindalva, mumewe, na jirani mmoja ambaye Neide hakumfahamu ila alikuwa amefika na kitambulisho tayari. Saa kumi kasoro dakika sita. Jina la mwisho: Quitéria. Tarehe ishirini na nne, Juni. Mwaka wa kuzaliwa ulichaguliwa kwenye orodha, na orodha ilianzia mwaka huu. Neide akaanza kushuka kwa kidole.

"Bado?" mama aliuliza.

"Bado, mama. Niko mwaka wa themanini na nane."

"Hapo wewe ulikuwa unanisumbua tu. Endelea."

Mzee Adauto aliinuka kuja kuangalia. Kidole kilishuka, kilishuka. Sabini. Sitini. Bila shaka aliyeitengeneza orodha ile hakutegemea mtu afike huko chini.

"Hamsini na tatu, mama."

"Endelea, mwanangu, usichoke. Mimi ni wa zamani."

Arobaini na tano ilikuwepo. Neide akaibonyeza, akathibitisha, zikiwa zimebaki dakika mbili, na shirika la ndege la Garça likalazimika kumbeba mama yake.