Tabasamu la Ukurasa wa Nne

Mpigapicha aliwaambia wanafunzi wangu watabasamu, nao wakatabasamu wote arobaini, kila mmoja kiganja mdomoni. Sisi wa mji wa machimbo hatujui kucheka kwa namna nyingine. Maji ya visima vyetu huyatia meno rangi ya kahawia tangu utotoni, nasi hujifunza kuyaficha kabla hatujajifunza kuandika majina yetu.

"Mikono chini," alisema Bwana Ferjani, mhariri aliyetoka Tunis. "Fungeni midomo. Hivyo hivyo, kama watu wenye adabu."

Mimi ndiye niliyeandika sura ya kwanza ya kitabu chake cha darasa la nne, "Ijue Tunisia". Niliitaja bahari, mizeituni ya Sfax, tende za Tozeur. Nilipofika kwetu, nikaandika kwamba fosfeti yetu hurutubisha mashamba ya ng'ambo, na kwamba wanaoichimba hunywa maji yanayowaharibia watoto wao meno. Sentensi moja tu. Niliipenda kuliko sura nzima.

Tulipoketi kunywa chai ofisini, Ferjani aliikata kwa penseli.

"Mwalimu Mongia, huu ni utangulizi wa nchi. Mgeni akija kwako unamwonyesha choo kwanza?"

"Watakaosoma si wageni, Bwana Ferjani. Ni wenye nyumba."

"Basi wanajua tayari, ya nini kuwaambia?" Alikoroga chai yake taratibu. "Chagua mwenyewe. Sentensi ikibaki, sura nampa mtu mwingine, na mji wenu hautatajwa kabisa. Ikitoka, watoto wako wataonekana nchi nzima."

Dirishani niliwaona wanafunzi wakisukumana tena mbele ya mpigapicha, wakigombea nani asimame mstari wa kwanza. Nikasema itoke. Nilisema haraka, na aibu ya siku ile haijanitoka mpaka leo.

Kitabu kilifika baada ya likizo. Picha yetu ilikuwa ukurasa wa nne, midomo imebanwa kama ya watu wanaongoja sindano. Darasa zima lilijitafuta humo kwa furaha, isipokuwa Mabrouka, binti wa dereva wa treni ya machimbo, ambaye ulimi wake hauna breki.

"Mwalimu, mbona tumenuna hivi? Kwani tulikuwa msibani?"

"Simama usome," nikamwambia.

Akasoma bahari, akasoma mizeituni, akasoma tende. Kisha akafika mahali palipokuwa na sentensi yangu. Palikuwa na maneno ambayo sikuyaandika mimi, ingawa jina langu lilikuwa juu ya sura:

"Watu wa machimbo ni wakarimu, na hujulikana kwa tabasamu lao zuri."

Darasa likaangua kicheko. Viganja vyote vikapanda midomoni kwa pamoja, changu kikiwemo. Mabrouka alikuwa amekishika kitabu kwa mikono miwili, kwa hiyo alijiziba kwa kitabu.