Mbao za Mama Marita

Mama Marita alikuwa amepita miaka themanini na bado alikuwa na meno yake karibu yote. Kilichomsumbua ni kimoja tu, miguu. Kila baridi ya Juni iliposhuka Ihanda, na ukungu ukalala juu ya mibuni mpaka jua liwe kali, sakafu ya saruji ya nyumba ya mwanawe ilikuwa haikanyagiki. Alivaa soksi mbili, akaongeza ya tatu, na mwishowe akawa anapokea wageni miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto, kama kuku anayesubiri kunyonyolewa.

Mwanawe, Raphaeli, alifikiria kuweka vigae. Mkewe, Ketrina, akamkatalia palepale.

"Ukimwekea mama vigae utakuwa umemhamishia kwenye friji," alisema. "Weka mbao. Kwa shangazi kule Nakonde nilitembea pekupeku mwezi wa sita, sikutaka kuondoka."

Raphaeli akamchukua Gwakisa, seremala wa kata, wakaenda Tunduma kutafuta mbao. Gwakisa alikuwa fundi mzuri na msemaji mzuri zaidi. Alitengeneza milango, vitanda na, kwa kuwa watu hawaachi kufa, majeneza. Kwenye banda la mbao Raphaeli alivutiwa na paina, maana ilikuwa nyeupe na ilinukia vizuri, lakini alipoibonyeza kwa ukucha, ukucha ukazama.

"Siku wageni wa harusi wakija na visigino vyao, utakuwa na sakafu yenye ndui," Gwakisa akamwambia.

Muuzaji, mtu aliyekuwa na nusu ya ukoo ng'ambo ya mpaka, akawavutia mninga. "Bamudala, mzee wangu, hii imekauka bwino, vizuri kabisa!"

Gwakisa akainua ubao mmoja, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akaunusa, akaukabidhi kwa Raphaeli. Ulikuwa mzito kama gunia lililolowa. Wakazunguka banda zima mpaka wakapata mninga mwepesi unaolia kama mlango ukigongwa, wenye ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili ili mbao ziingiane.

Raphaeli hakumwambia mama yake. Alijua angekataa, aseme fedha iende kwenye mbolea. Kwa hiyo gari liliposhusha mbao nyumbani, na jirani yao Rozi akaja mpaka kwenye ua kushangaa, Raphaeli alishusha sauti.

"Jirani, mbao nzuri hizo! Za nini?" Rozi aliuliza.

"Ni za mama."

Rozi akashika mdomo. "Mungu wangu! Anaumwa?"

"Ni miguu tu. Imekuwa ya baridi, haipati joto hata tukiifunika."

"Imefikia huko?"

"Ndiyo. Mwaka huu sitaki inikute sijajiandaa. Lakini tafadhali, yeye asijue."

Rozi akatazama nyuma ya gari, akamwona Gwakisa akishuka na tepu yake ya kupimia. Alimshika Raphaeli mkono kwa mikono miwili, akaondoka taratibu.

Mbao zikapangwa sebuleni, vijiti vikiwekwa kati ya ubao na ubao ili hewa ipite. Ketrina alitaka kazi ianze kesho yake, lakini Gwakisa akagoma.

"Mbao ni kama bibi harusi," alisema. "Ukimpa jembe siku anayofika, atajikunja. Mwache akae kwanza, aizoee hewa ya nyumba."

Mama Marita alipouliza, aliambiwa ni mbao za milango. Aliona ni milango mingi mno kwa nyumba moja.

Halafu wakaanza kuja wageni. Wanawake wa kanisani walileta unga, maharage, hata mkungu wa ndizi. Walikaa kando yake wakamkanda miguu kwa zamu, wakamwambia alikuwa mtu mwema. Mama Marita alifurahi sana. Kilichomtatiza ni nyimbo.

"Mbona mnaimba za safari tu?" aliuliza. "Nani anasafiri?"

Rozi alitoka nje kupenga kamasi.

Mchana mmoja Mama Marita alikuwa amejinyoosha kitandani, Gwakisa akaingia kupima chumba, maana Raphaeli alitaka kazi ianzie huko. Gwakisa akavuta tepu kando ya kitanda kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Gwakisa, unapima nini?"

"Usisogee, bibi, nakaribia kumaliza."

Mama Marita hakusogea. Ila usingizi ulikuwa umeshakwisha.

Kesho yake akaja Ambakisye, mdogo wake wa tumbo moja, kutoka Ikinga. Alianza kulia getini. Alilia akipita kwenye mibuni, akalia akiuzunguka mtungi wa maji, na alipofika barazani alimkuta dada yake amekaa kwenye mkeka anachambua maharage. Kilio kikakatika kama redio iliyoishiwa betri.

"Ambakisye, nani amekufa?"

Ambakisye akatazama viatu vyake. "Nimeambiwa ni wewe, dada."

"Na nani?"

"Watu wa kwenye basi. Wakasema jeneza liko tayari sebuleni, fundi ameshakuja kupima."

Mama Marita akaweka ungo chini. Alimwita Raphaeli kwa jina lake la ubatizo na la ukoo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu Raphaeli alipoangusha redio ya marehemu baba yake.

"Raphaeli! Nimekuzaa kwa uchungu, nimekulea, na wewe unaniwekea jeneza mahali ninapokunywa chai?"

"Mama, si jeneza! Ni sakafu!"

"Sakafu gani ya mbao? Mbao zinakanyagwa?"

Raphaeli akaeleza yote, baridi, beseni, shangazi wa Nakonde, huku Ketrina akiitikia kwa kichwa. Ambakisye, ambaye alikuwa amekuja na shati moja tu, jeusi, alilikunja mikono. Mama Marita aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo siumwi?"

"Huumwi, mama."

"Na wale wanaonikanda miguu, wanajua?"

"Naenda kuwaambia sasa hivi."

"Ngoja kwanza," mama alisema, akarudia ungo wake. "Jumamosi kwaya imeahidi kuleta jogoo."

Kwaya walileta jogoo. Akaliwa, na baada ya hapo ndipo Raphaeli akasimama mbele ya wageni, kijasho kikimtoka, akaeleza kwamba mbao zilikuwa za kukanyaga. Kisha mwimbaji mmoja akacheka, na wengine wakamfuata, isipokuwa Rozi, aliyetamani ardhi immeze. Aliuliza kwa sauti ndogo kama ule unga na maharage vinaweza kurudi.

"Mchango wa msiba haurudi, mwanangu," Mama Marita alimjibu. "Ni mkosi."

Kazi ilipoanza, mama aliweka kiti mlangoni akasimamia. Gwakisa alitandika nailoni juu ya saruji kuzuia unyevu, akapigilia papi, vipande vyembamba vya kushikia sakafu, kisha akaanza kulaza mbao akizigonga ziingiane. Alipofika ukutani akakata ubao mfupi, akaacha nafasi ya upana wa kidole.

"Mbona haufiki ukutani?"

"Bibi, masika mbao zinanenepa. Nisipoziachia nafasi, sakafu itainuka katikati kama nundu ya ng'ombe."

"Na hizo zilizobaki unaziweka za nini?"

"Za akiba, bibi."

"Akiba ya nani? Sitaki mbao isiyo na kazi humu ndani. Itajitafutia kazi."

Ketrina ndiye aliyepata ufumbuzi. Mbao zilizobaki zikawa rafu ya vyombo jikoni, zikipangiwa vikombe kabla gundi haijakauka.

Harufu ya vanishi ilipozidi, mama alihamia kwa Rozi mpaka ikauke. Rozi alimhudumia kwa unyenyekevu wa mtu mwenye deni la aibu, na Mama Marita hakufanya haraka ya kumpunguzia aibu hiyo.

Aliporudi, alivua viatu mlangoni, akaweka mguu mmoja ndani. Akausimamisha hapo. Akaweka wa pili. Akatembea mpaka dirishani na kurudi, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule.

"Inafaa," alisema.

Tangu siku hiyo sakafu ilikuwa yake. Rozi, akitaka kusaidia, alikuja asubuhi na ndoo ili apige deki kama alivyozoea kwenye saruji. Maji yalikuwa bado hewani, mama akapiga yowe lililosikika mpaka barabarani. Wakayakausha wote wanne, mama, Rozi, Raphaeli na Ketrina, wamepiga magoti. Baada ya hapo ikawa sheria: kufagia kwanza ili mchanga usikwaruze, kisha kitambaa kilichokamuliwa mpaka kisidondoshe hata tone. Miguu ya viti ilivishwa vipande vya blanketi. Mchungaji mwenyewe alivua viatu, na kila mtu akaona kidole chake kikubwa kimechungulia nje ya soksi.

Juni ilipofika kweli, nyumba haikuwa na nafasi. Wanawake waliokuja kumzika walikuja sasa kunyoosha miguu. Walileta mahindi ya kupukuchua, walileta vitambaa vya kufuma, wakakaa chini mpaka jioni. Ambakisye alisema atarudi Ikinga baridi ikipungua.

Siku moja Raphaeli alitoka kuchuma kahawa, matope yamemfika magotini. Alivua mabuti, akanawa kwenye bomba la nje, meno yakigongana, akakimbilia mlangoni.

"Kausha na katikati ya vidole!" sauti ya mama yake ikatoka ndani.

Akakausha. Alipoingia, hakuona pa kukaa. Kulikuwa na miguu kila mahali. Mama Marita akamsukuma Rozi kwa kiwiko, Rozi akasogea, mama naye akajivuta, akapiga ubao kwa kiganja mara moja.

"Njoo hapa," alisema. "Hapa ndipo jua lilipokuwa likipiga."

Raphaeli akakaa. Palikuwa bado pana joto.