Adui Aliyekataa Kufa

Maroa Gisiri aliuawa mara nyingi kuliko mtu yeyote Migori. Aliuawa Macalder kwenye mashimo ya dhahabu, akauawa Magunga juu ya farasi, na mara zote damu ilikuwa tomato sosi.

Alikuwa mchunga ng'ombe kutoka mpakani. Edith Mong'ina, mwongozaji wa filamu za kauboi, alimwona huko Macalder akimrukia punda aliyetoroka na kumtuliza papo hapo. Akampa kofia pana, bastola ya mbao na kazi ya kuwa adui. Maroa alijua kufa. Alianguka kutoka kwenye farasi kama gunia la mahindi, vumbi likapaa, na watazamaji wakapiga meza. Haukupita muda, watu wakaijua sura yake kuliko ya stelingi mwenyewe, yule shujaa anayeshinda.

Kisha Maroa akamleta mamake, Bathsheba, kwenye onyesho la filamu Oyugis. Risasi ilipolia, mama alisimama akapiga yowe.

"Mama, niko hapa karibu nawe," Maroa alimnong'oneza.

"Nakuona. Na pale kwenye skrini pia nimekuona. Kifo hakichezewi, mwanangu. Kikizoea jina lako, siku moja kitakuja bila kamera."

Maroa alimwendea Edith. "Madam, mimi sifi tena."

"Lakini stelingi hafi! Adui naye asipokufa, filamu itaishaje?"

"Hiyo sasa ni shida yako na stelingi." Akaweka kofia juu ya kiti, akarudi kwa ng'ombe wake.

Edith alimchukua Ongeri, kijana wa Oyugis, awe adui. Ongeri alipopigwa risasi, alitafuta kwanza mahali pasipo na mawe, ndipo akalala. Ukumbi mzima ulicheka. Kila filamu ilipoonyeshwa, watu walimuuliza Edith swali moja: Maroa yuko wapi?

Mwishowe Edith aliendesha gari hadi mpakani, akakaa na Bathsheba, akapewa uji.

"Mama, watu wanamtaka mtoto wako."

"Basi mpe kazi ya kuishi."

"Ni vigumu, Mama. Ana sura ya adui."

"Sura hiyo nimeizaa mimi," Bathsheba alisema taratibu, akamwongezea uji.

Edith aliunywa uji hadi mwisho. Alipoinuka kwenda zake, Maroa alikuwa stelingi.

Walianza Magunga. Risasi ya kwanza ilipolia, Maroa alianguka chini kwa mazoea.

"Maroa! Amka! Wewe ndiye unayeshinda!"

Aliamka akijipangusa huku wote wakicheka, naye akicheka zaidi yao. Kisha akamwita Ongeri kando, akamfundisha kulegeza magoti na kuuachilia mwili wote. Walipoanza tena, Ongeri alianguka hadi farasi akashtuka. Maroa alibaki amesimama, miguu ameitanua, macho makavu mbele ya kamera. Edith alisahau kusema "basi" ya kuzima kamera.

Filamu hiyo ilijaza kumbi Migori na Homa Bay. Sasa wanatengeneza ya nne, na Bathsheba huketi safu ya mbele, akiwaeleza majirani mapema nani atashinda.